Namba ya Doto

…na hata kama angetaka kuitoa hiyo namba, aitoe ipi, ianze na ngapi, maana mtu kama Doto hawezi kuwa na laini moja, mtu mwenye malori kumi na manne ana simu tatu na zote zinalia, ndivyo Kulwa mwenyewe alivyowaambia watu kule Sundbyberg kwenye ubatizo wa mtoto wa Mashauri, kwa kinywa chake, paja la kuku mkononi, na sasa mtoto amekaa mbele yake hapa jikoni, Bredäng, Stockholm, Jumamosi saa tano asubuhi, penseli tayari, daftari wazi, simu ya baba yake ameshaichukua na kuiweka katikati ya meza kama bakuli la mboga, anasubiri. "Pappa," anasema Nala, "numret," yaani namba, mtoto wa miaka tisa huyu, ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiswidi, mpaka ununue ugomvi ndipo akutolee Kiswahili neno moja moja kama anayejitoa miiba mguuni, "namba ya baba mdogo Doto, baba. Fröken anataka nimtumie leo," fröken ndiye mwalimu wake, na Kulwa anasema subiri mama, chai ipoe kwanza, na chai imeshapoa zamani, imefanya ngozi juu, hata yeye anaiona, na mtoto anaiona, anaitazama tu ile ngozi kisha anamtazama baba yake, hiyo ndiyo tabia waliyomfundisha shuleni, kutazama. Kitabu ndicho kimeleta haya yote. Kipo hapo pembeni ya sukari, kimekopwa maktaba, jalada lake msichana na mabata bukini, nyuma yake nyumba za nyasi na kanisa dogo la mawe, ni habari za watoto wa kijijini, huko huko Uswidi lakini miaka mia saba iliyopita, kabla hata hawajajua viazi, na siku ya kwanza Nala alipomsomea alifurahi, acha uongo, Kulwa alifurahi mno, maana alikuwa anajua Waswidi walizaliwa na vipasha joto ukutani na treni chini ya ardhi, kumbe na wao walilala nyumba moja na mbuzi, kumbe mtoto wao anaitwa Sune anatumwa shambani tangu alfajiri kufukuza ndege kwenye shayiri, anagonga vibao viwili, kwa-kwa-kwa, anapiga kelele mpaka sauti inakauka, na njaa ikija wanasaga magome ya mti wanachanganya na unga, kumbe, na Nala akainua uso akasema baba, ni wewe huyu, akasema kwa Kiswahili kabisa bila kulazimishwa, "ni kama wewe na baba mdogo Doto," macho yanawaka, na mtu akishawakiwa macho namna ile na mwanawe atafanyaje, si atapanda juu ya kiti na kuimba. Akauliza, huyo Sune alikuwa na ng'ombe wangapi. Sita, akasema Nala. Sita? Kulwa alicheka mpaka akashika mbavu, sita hao ni wa kuchezea, sisi mimi na Doto tulichunga mia nane, wakinywa lambo linakauka, wakipita vumbi lake linafunika jua watu wanawasha taa mchana, na fisi nilimzaba kofi, kofi moja, akaenda akalala kwao. Na mtoto akaandika. Hapo ndipo alipokosea, hakujua kwamba mtoto anaandika.

Maana wao shuleni hawafundishwi kusikiliza, wanafundishwa kuchunguza, fröken kawaambia kila mmoja atafute mtu aliyeishi maisha yanayofanana na ya kwenye kitabu, amhoji, kisha akague kama ni kweli, na Nala akaja Alhamisi na daftari lake akasema baba, Jumanne umesema mia nane, jana kwenye simu na mjomba Mashauri umesema mia tano, na watoto wawili hawawezi kuchunga mia nane, tumepiga hesabu darasani, hata mbwa wangehitajika kumi. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama daktari. Kisha akasema kuna njia, chanzo kimoja hakitoshi, lazima viwe viwili, två källor, na wewe bahati yako unacho cha pili, unaye pacha. Watoto wote darasani hawana baba mwenye pacha. Tutampigia kwa video Jumatatu saa nne, kwenye ile skrini kubwa, fröken amekubali, amefurahi sana, nimempa jina lake amelichora ubaoni, DOTO, na Rayan hataki kuamini kwamba mnafanana, amesema atawapima pua… na tangu Alhamisi hiyo Kulwa halali vizuri, Kulwa ambaye kwa maneno yake mwenyewe huwa analala kama gogo hata jengo liungue, kule Kista anakosukuma mashine ya kusugua sakafu, ghorofa saba, ingawa akisimulia zinakuwa ishirini na yeye anakuwa msimamizi wa jengo na wahandisi wanapanga foleni kumsalimia. Ukumbini mkewe Veneranda anakunja nguo, simu kaibana kwa bega, anaongea na Paskalia, "…sasa mimi nikamwambia, shoga yangu, ubwabwa wa watu mia huwezi kupikia sufuria la kuazima, utaaibika…" aibu, neno hilo linapita mlangoni linaingia jikoni linakaa kwenye kiti cha tatu. Kwa nini basi watu wanauliza, na wao wana makosa, usiwaachie. Ukiitwa Kulwa na uko na Watanzania, mtu akishakupa mkono tu, hajajua hata unatoka wapi, anakuuliza, na Doto yuko wapi? Kila mtu. Padre aliuliza. Yule mama wa Bukoba wa benki aliuliza. Ungeitwa Clinton nani angekuuliza. Mwaka wa kwanza kabisa Stockholm, theluji ya kwanza, hana kofia, Mashauri huyu huyu akiwa bado mwembamba alimshika mkono kituoni akauliza, na Doto? na Kulwa alifungua mdomo na baridi ikaingia mpaka kwenye meno, akasema yupo, yupo Geita, anafanya biashara. Basi. Neno dogo tu, kama kumpa mtu maji. Lakini mwaka uliofuata wakauliza biashara ya nini, akampa lori, lori moja bovu bovu hivi, halafu akaona haipendezi mtu mzima na lori moja, akampa la pili, akampa nyumba ya bati, bati likawa vigae, vigae vikawa ghorofa, akampa mke, akampa wa pili, akamwozesha kwa ng'ombe hamsini, na wanamtania, ndiyo, wanajua kutania, "Kulwa, yule Doto wako mwaka jana alikuwa na malori kumi na mawili, mwaka huu yamezaa?" na Dieumerci yule Mkongo anagonga meza anasema kwetu Bukavu lori halizai, linakula watoto, wanacheka, na Kulwa anacheka kuliko wote, anasema njooni Geita mjionee, wanaume nyinyi mnaobishana na tajiri mkiwa mmepanda basi. Hawajui. Wanadhani anajisifu.

"Baba." Penseli inagonga meza, tk, tk. "Hana WhatsApp?" Anayo mama, anayo, ila huko migodini mtandao… "Jana umesema yuko Dar." Dar, ndiyo, amepita Dar, na hapo akili yake ikakimbia kama kawaida yake, akili ya Kulwa ikibanwa huwa inatoka kwa dirisha, ikasema mtafute Mashauri, si yuko likizo Mwanza mpaka mwisho wa mwezi, avae shati zuri, asimame mbele ya lori la mtu yeyote, aseme hujambo mwanangu mimi ndiye baba mdogo… lakini Mashauri mrefu mweusi tii, pua ya upanga, na Rayan atapima pua, pacha lazima afanane, na ikaja nyingine, nzuri zaidi, nzuri mpaka akatabasamu kwenye ile chai, kwamba anayefanana na Doto si yupo hapa hapa, anakunywa chai, nani anafanana na Doto kuliko Kulwa, Jumatatu saa nne atakuwa Kista, atajifungia stoo ya madeki, avae ile kofia ya pama, miwani ya jua, ukutani atundike kitenge cha Veneranda, ashike simu kwa mbali, Nala atampigia kutoka darasani na baba yake eti yuko kazini hapatikani, na skrini kubwa itawaka na wale watoto ishirini na wanne watamwona, na fröken, na Rayan na pua yake, na yeye atakohoa kidogo, ataongeza ubesi, atasema, mimi Doto.

Mimi Doto.

Alishawahi kusema. Mkono uko kwenye kikombe na umesimama. Alishayasema maneno hayo hayo mawili, gizani, umande chini, mjomba wao ameegemea lori la pamba mlangoni kwao anasema haya, leo zamu ya nani kwenda mjini, na mtu wa miaka tisa amesimama amenyoosha mkono wake wa kushoto ili ushanga uonekane, ushanga wa buluu, mimi Doto mjomba, na mjomba akaushika akauangalia kwa tochi akasema panda. Maana wao hakuna aliyewatofautisha, mjomba hakuwajua, baba hakuwajua, wakikosea walichapwa wote wawili ili kusipotee haki, na kwa sababu hiyo bibi aliwafunga ushanga mkononi, Kulwa mweupe, Doto wa buluu, na kila alichopewa mmoja apewe na mwenzake, ndiyo desturi, shati kwa shati, kiazi kwa kiazi, ukimpa mmoja ukamnyima mwingine unawaua. Lakini kiti cha lori kilikuwa kimoja. Mjomba alisema wiki hii Doto, wiki ijayo Kulwa, wiki moja tu, siku saba, angekufa kwa kusubiri siku saba? Hakusubiri. Usiku alipokuwa amelala, mdomo wazi, Doto alikuwa analala mdomo wazi kama samaki, Kulwa aliufungua ule uzi taratibu kwa meno, akamvalisha mweupe, akavaa wa buluu, na Doto aligeuka tu akasema kitu cha usingizini, akasema ngoja, au alisema njoo, miaka arobaini na tatu mtu anasikiliza hilo neno na hajaelewa ni ngoja au njoo. Na zamu ya Kulwa siku hiyo ilikuwa ng'ombe. Na ng'ombe maana yake lambo, na mvua ilikuwa imenyesha juzi yake lambo limejaa mpaka kwenye miti, na Kulwa ndiye aliyejua kuogelea. Doto alikuwa hajui. Doto aliogopa maji, alikuwa anaoga kwa kopo, walikuwa wanamcheka. "…wee Paskalia, usinichekeshe," anasema Veneranda kule ukumbini, "mtu mzima analia kwa sababu ya pilau?" Ndama aliteleza, walisema. Mtamba yule mwenye doa usoni, aliingia ndani akashindwa kutoka, na mtoto mwenye ushanga mweupe, ambaye watu wote wanajua huogelea, akaingia kumfuata, na wale wakubwa waliokuwa ng'ambo wala hawakusimama, walisema si Kulwa yule, anajua maji huyo. Walisema hivyo. Anajua maji huyo. Na saa hiyo Kulwa alikuwa juu ya marobota ya pamba, upepo usoni, mua mkononi, anaiona barabara inakuja yote, siku nzuri kuliko zote alizowahi kuishi, hakuna mtu atakayemwelewa hapa, siku nzuri kuliko zote, na jioni lori linakata kona anaona watu wamejaa uani kwao akadhani wamekuja kumlaki yeye, akanyanyua mua juu, akashangilia. Baba alisema, Doto umerudi, mwenzako Kulwa hayupo tena. Na yeye akasimama pale, amekufa, watu wote wanamwambia kwamba amekufa. Ni mama. Mama alitoka ndani ameshika taa, akamshika mkono akampeleka nyuma ya ghala, akamkatia ule uzi wa buluu, akatoa kwenye upindo wa kanga ule mweupe ukiwa bado na tope, akamfunga, akakaza fundo, akasema, Kulwa, njoo ule. Basi. Hakusema lingine siku ile wala mpaka siku ya kufa kwake. Aliwaambia watu tu kwamba wamekosea, aliyekwenda ni Doto, na watu wakasema aa, pole, mapacha hawa wanachanganya.

Na hawakulia. Bibi alikataza, pacha haliliwi, mkilia mtamwita na huyu aliyebaki, kwa hiyo watu walikaa uani kimya kama wanaosubiri mvua, na bibi akachukua kibuyu, kidogo, shingo nyembamba, akakivika kitambaa, akakifunga ushanga wa buluu shingoni, akakilaza kwenye ngozi ya kulalia ya Kulwa, ubavuni, akasema huyu ndiye Doto, ukila mpe, ukipewa mgawie. Kulwa akila ugali anakwangua kidogo anakipaka mdomoni pa kibuyu, akishonewa kaptula kibuyu kinafungwa kipande cha kitambaa kile kile, akiumwa akipewa dawa tone moja linakwenda kule, na akakua, na kibuyu hakikukua, na kijana wa miaka kumi na saba anaona aibu kulala na kibuyu, akatoroka kwenda Mwanza, akaenda Nairobi, akaenda na watu wa meli, akafika huku kwenye barafu, anadhani amekiacha kimetundikwa kwa mama… na hajakiacha. Ndiyo kwanza anaona, leo, hapa, mbele ya sukari. Alipopata kazi ya kwanza si ndipo alipompa Doto lori? Alipopata nyumba hii, vyumba viwili na baraza la kutazamia treni, si mwezi ule ule Doto alijenga? Na alipooa, Veneranda amevaa gauni la kuazima kwa mke wa mchungaji, akarudi akawaambia watu Doto naye kaoa. Kila alichopata alikwangua kikapelekwa kule. Wanaume wanagonga meza wanasema Kulwa muongo, Kulwa anatupiga kamba, na yeye siku zote hizi alikuwa anamlisha mtu. Ila alimlisha nini. Malori. Mtoto wa miaka tisa anayelala mdomo wazi, anayeoga kwa kopo, umempa malori kumi na manne na wake wawili, umemzeesha, umemtia kitambi, mpaka yule mwenyewe haonekani tena, wamemzika mara mbili, mara ya kwanza tope, mara ya pili wewe.

"Pappa, är du ledsen?" anauliza Nala, una huzuni, na Kulwa anasema hapana, nani, mimi, chai imeniingia puani, na Nala anavuta kitabu karibu, anakumbatia, maana ndani ya kitabu hicho Sune naye amekufa, homa, jana jioni, ukurasa wa tisini na kitu, Nala alikuwa anasoma kwenye treni wakirudi nyumbani akafika hapo akavuta kofia ya koti ikafunika uso, na Kulwa akadhani amelala, kumbe mabega yanatikisika, mtoto wa Msukuma na Mhaya analilia mtoto wa Mswidi aliyekufa miaka mia saba iliyopita, ambaye wala hakuwahi kuwepo, ameandikwa tu, na yule baba wa kwenye kitabu anakwenda mwenyewe kanisani anavuta kamba ya kengele, na kengele inalia kijiji kizima kinasikia, na Nala alisema kwa sauti ya mafua, "baba, alikuwa anafukuza ndege tu, hakufanya kitu kibaya," na abiria wanatazama, na Kulwa akamwambia nyamaza mama, ni hadithi, hiyo ni hadithi tu ya watoto. Alimnyamazisha. Anakumbuka vizuri sana namna alivyomnyamazisha, mkono juu ya kofia, kama bibi. Sune kapata kengele, kapata mtu wa kumlilia kutoka treni ya njia nyekundu ya Bredäng, na Doto hajapata hata chozi moja, hata la mama, hata la mwizi wa ushanga wake, na hapa kiti cha pili amekaa mtu mwenye umri ule ule, miaka tisa na miezi, na naye akilala, Mungu wangu, analala mdomo wazi.

Ukumbini pamekuwa kimya. Muda gani pamekuwa kimya? Veneranda hakunji tena. "Subiri, Paskalia," anasema, kisha sauti yake inakuja bila yeye mwenyewe kuja, sauti ya chini, ile anayotumia kwa wazee anaowaogesha kazini, "Baba Nala. Mwambie mtoto." Hakusema mpe namba. Miaka kumi na moja ya ndoa hajawahi kusema nipe shemeji nimsalimie, Krismasi inakuja inapita, mwanamke anayewasalimia mpaka majirani wa mashangazi, hajawahi, na Kulwa alikuwa anadhani ni bahati, na mwaka ule mama alipofariki ni yeye aliyeshika simu kuongea na Kabula, dada yake Kulwa, saa nzima, chumbani, mlango umefungwa, akatoka macho mekundu, akasema tu Kabula anasema kibuyu wamekizika na mama, akaenda kuosha vyombo. Kibuyu. Alilitamka kama anavyotamka kijiko. Na Kulwa alitoka kwenda kutembea, na Jumapili yake akampa Doto lori la kumi na tatu. "Naja, Paskalia, endelea," anasema Veneranda kule, na nguo zinaanza kukunjwa tena, fwap, fwap, na hapa mezani hakuna kilichosogea, simu imelala pale pale, kitabu kimekumbatiwa, ngozi ya chai haijapasuka, Nala ameshusha penseli mpaka karibu na karatasi na kuisimamisha hapo, haigusi, anasubiri namba, sifuri, saba, chochote atakachoambiwa ataandika, halafu atakagua, na Kulwa anaanza kuhesabu, si malori, anahesabu wale ng'ombe wakitoka zizini asubuhi ile umande ukiwa chini, anawaita mmoja mmoja kwa rangi zao, mia nane hawapo, mia tano hawapo, yupo yule mwekundu, yupo kipara, yupo mwenye doa usoni na mama yake, anahesabu mpaka mkia wa mwisho, ni kumi na mmoja, walikuwa kumi na mmoja, Nala, andika hivyo, na nyuma yao anakuja mtoto mmoja peke yake na fimbo, hana lori, hana ghorofa, anapiga miayo, bado ana usingizi, anatazama mkono wake wa kushoto na kushangaa ushanga umekuwaje mweupe.